Haibridi Imefika, Ramani Yake Imebaki Japani

Dalali anayetaka kukuuzia Toyota Aqua huanza na skrini. Hujafungua boneti, hujauliza gari limetembea kilometa ngapi, yeye amekwisha kuketi kwenye kiti cha dereva, amekanyaga breki na kubonyeza kitufe cha kuwasha. Injini haisikiki. Katikati ya dashibodi inawaka ramani yenye barabara za kijani na njano, maandishi ya Kijapani na mshale wa kuonyesha gari lilipo. "Hii ina kila kitu, kaka," anasema, kisha anataja bei. Gari liko Kinondoni, lakini mshale umeganda Nagoya.

Naamini haibridi ndogo ndiyo magari yanayotufaa zaidi kwa sasa katika miji yetu yenye foleni, na inaniuma kuona watu wakiyanunua kwa kuangalia kisichostahili kuangaliwa. Mnunuzi wa haibridi iliyotumika anapokea mashine mbili kwa bei moja. Ya kwanza ni betri, mota na injini, ambazo hufanya kazi popote penye barabara. Ya pili ni mfumo wa kuonyesha njia uliojengwa ndani ya gari, ambao uliundwa kwa ajili ya nchi moja tu. Ile ya kwanza ndiyo yenye thamani, ila haionekani. Hii ya pili inawaka na kupendeza, na ndiyo inayopandisha bei.

Nianze na ile isiyoonekana. Katika yadi za Dar es Salaam na Mombasa, anayetafuta haibridi ndogo mara nyingi hukutana na magari matatu. Aqua iliingia sokoni Japani Desemba 2011. Honda Fit ya haibridi ya kizazi cha tatu ikafuata Septemba 2013, na Nissan Note e-Power Novemba 2016. Kwa kipimo cha Japani kiitwacho JC08, Aqua ilipotoka ilitangazwa kwenda kilometa 35.4 kwa lita moja, Fit 36.4 na Note 37.2. Watu hubishana juu ya tarakimu hizi mpaka sauti zinapanda, nami naona wanapoteza muda. Zilipimwa maabara, gari likizungusha matairi juu ya rola, kiyoyozi kimezimwa, na kampuni ikatangaza matokeo ya toleo lake linalokula mafuta kidogo kuliko yote. Katikati ya jiji lenye joto, ukiwa na abiria na kiyoyozi kimewashwa, ukipata kilometa 20 au zaidi kidogo kwa lita, gari lako ni zima na unapaswa kulishukuru.

Tofauti ya kweli iko katika njia ambayo nguvu inapita hadi kufika kwenye matairi. Toyota ina mota mbili na seti ya gia zinazozungukana, ambazo hugawa kazi ya injini. Sehemu ya nguvu inakwenda moja kwa moja kwenye matairi, na sehemu inazalisha umeme. Humo ndani hakuna klachi ya kulika, hakuna stata wala oltaneta. Wazo hilo halijabadilika sana tangu Prius ya kwanza ilipotoka Desemba 1997, na ndiyo maana utaona haibridi za Toyota zikifanya kazi ya taksi mwaka baada ya mwaka.

Nissan wamefuata njia nyingine kabisa. Kwenye Note e-Power, injini ya sisi 1,200 haigusi matairi hata mara moja. Kazi yake ni kuzungusha jenereta, na mota peke yake ndiyo inayovuta gari. Mjini raha yake haina mfano, kwa sababu mota huvuta papo hapo bila kusubiri gia. Tatizo linakuja kwenye barabara kuu. Ukikaa kwenye mwendo wa kasi kwa saa kadhaa, kila tone la mafuta linageuzwa kwanza kuwa umeme, kisha umeme unageuzwa kuwa mwendo, na kila mgeuzo unapoteza kidogo. Mtu wa Mbagala hadi Posta ataipenda. Mtu wa Dar es Salaam hadi Mbeya kila wiki ataona tofauti kwenye risiti za sheli.

Honda nao waliweka gia boksi ya gia saba yenye klachi mbili, na mota wakaichomeka humo humo. Kwenye safari ndefu Fit huenda vizuri sana, maana injini inaweza kuendesha matairi moja kwa moja. Lakini kuanzia mwishoni mwa 2013 hadi 2014 Honda ililazimika kuziita Fit na Vezel za haibridi mara kadhaa ili zirekebishwe, hasa kwa sababu ya programu inayoendesha gia boksi hiyo, na Oktoba 2014 viongozi wa kampuni wakakatwa sehemu ya mishahara yao. Fit iliyofanyiwa marekebisho yote ni gari zuri. Ambayo haikufanyiwa ni mzigo. Namba ya chasi ndiyo itakayokuambia, na muuzaji anayesitasita kukupa namba hiyo amekwisha kujibu swali lako.

Kwa foleni za Ubungo, Mwenge au Barabara ya Thika, mimi ningechukua Aqua, au Toyota Axio na Fielder za haibridi ambazo zina injini na mfumo wa familia hiyo hiyo. Sisemi hivyo kwa mapenzi ya jina. Foleni ndiyo mahali ambapo haibridi inajilipa, kwa kuwa injini inazimika gari linaposimama na kila ukikanyaga breki umeme unarudi kwenye betri. Mfumo wenye vitu vichache vya kulika ndio utakaodumu hapo.

Na betri yenyewe? Hili ndilo swali la kwanza ambalo mnunuzi angepaswa kuuliza, na ndilo linaloulizwa mwisho. Aqua ya kizazi cha kwanza ina betri ya nikeli yenye vipande 20 chini ya kiti cha nyuma. Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina vipande 28 nyuma ya kiti hicho. Note na Fit zinatumia betri za lithiamu, ya Note ikiwa chini ya viti vya mbele na ya Fit chini ya sakafu ya buti. Zote zina adui mmoja, nalo ni joto. Betri ya Aqua hupozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo ubavuni mwa kiti cha nyuma. Vumbi la Dodoma, nywele, nyuzi za mazulia na mchanga wa viatu vyote vinaingia humo. Abiria akiegesha begi kwenye tundu hilo, betri inahema kwa shida. Nimeona haibridi zikihukumiwa kuwa "zimekufa betri" wakati ugonjwa ulikuwa feni iliyoziba, kazi ya mchana mmoja kwa fundi mwenye bisibisi, brashi na subira.

Mafundi wetu wamejifunza kubadilisha kipande kimoja kimoja badala ya betri nzima, na ustadi huo naustahi. Ila kipande kipya kikiwekwa katikati ya vilivyochoka, vile vya zamani havichelewi kuanguka navyo. Anayekuuzia gari lililotiwa viraka vya namna hiyo ana wajibu wa kusema.

Sasa twende kwenye skrini. Sitaki kuidharau, kwa sababu historia yake ni ya heshima. Mwaka 1981 Honda walitoa kwenye Accord kifaa cha kuonyesha njia kabla gari lolote halijaongea na setilaiti. Kilitumia kipimo cha mzunguko chenye gesi ya heli na ramani zilizochapwa kwenye karatasi za plastiki angavu, ambazo dereva alizibadilisha kwa mkono. Mwaka 1990 Mazda wakatoa Eunos Cosmo, gari lenye mfumo wa njia unaosoma setilaiti ukiwa umejengwa humo tangu kiwandani. Kuanzia 1996 Japani ikawa na huduma iitwayo VICS, ambayo hurusha habari za foleni, ajali na barabara zilizofungwa hadi kwenye skrini ya gari, nyingine zikipitia mawimbi ya redio ya FM.

Wajapani walikuwa na shida tunayoijua sana. Mitaa yao mingi haina majina, na nyumba hazifuatani kwa namba kama mgeni anavyotegemea. Kwa hiyo waliwezesha dereva kuingiza namba ya simu ya hoteli au hospitali na gari likaijua njia, au kuingiza tarakimu za mfumo wa Mapcode uliobuniwa na Denso, ambazo zinataja mahali hata penye shamba tupu. Machi 2011, siku moja tu baada ya tetemeko na tsunami kuvunja kaskazini-mashariki ya nchi, Honda walitoa hadharani ramani ya barabara zinazopitika. Waliichora kutokana na magari ya wateja wao yaliyokuwa yakituma taarifa za njia yalizopita kupitia mfumo wao wa Internavi. Barabara ambayo gari lilipita jana ilijulikana kuwa haijakatika. Waliokuwa wakipeleka maji na chakula waliitegemea. Huo ndio uwezo wa ramani iliyo hai ndani ya gari.

Gari hilo hilo likipakiwa melini kuja Dar es Salaam, uwezo wote huo unakatika. Barabara zilizomo kwenye kumbukumbu yake ni za Japani. VICS haipo. Namba za simu unazoingiza hazina maana kwake. Redio yake inashika masafa ya kuanzia 76 na mara nyingi inaishia 90, wakati vituo vyetu vingi viko juu ya hapo hadi 108, hivyo unanunua kifaa cha kugeuza masafa ili usikie taarifa ya habari. Kila asubuhi ukiwasha, sauti ya mwanamke inakukumbusha kwa Kijapani kwamba hujaingiza kadi ya kulipia barabara, kadi ambayo huku haina kituo hata kimoja cha kuisoma. Kisha siku moja fundi anachomoa betri ndogo ya volti 12, na skrini nyingi zinajifunga. Inatokea ilani ya Kijapani ikidai kadi ya ramani au namba ya siri, na pamoja na ramani isiyo na kazi unapoteza pia redio, wakati mwingine hata picha ya kamera ya nyuma. Hapo inaanza safari ya kumtafuta kijana wa kufungua, au ya kwenda Kariakoo kununua skrini ya Android na kung'oa ile ya kiwandani.

Kwenye kung'oa napo magari hayafanani. Aqua haipotezi kitu cha maana, kwa kuwa picha ya betri na mtiririko wa nguvu iko kwenye dashibodi ya juu. Prius ya kizazi cha pili, iliyotoka 2003, ni habari nyingine. Skrini yake ya katikati ndiyo inayoendesha kiyoyozi na kuonyesha hali ya mfumo. Ukiing'oa bila kujua, umeng'oa sehemu ya gari.

Wapo watakaoniambia simu inatosha, kwa nini nihangaike na skrini. Kwa leo wana haki, na nitawashauri hivyo hivyo hapa chini. Lakini simu haiongei na betri ya gari, na hapa ndipo hasara yetu ilipo kubwa kuliko inavyofikiriwa.

Chukua mteremko wa Kitonga, ukitoka Iringa kurudi Morogoro. Betri ya Aqua ni ndogo, haifiki hata kilowati-saa moja. Kwa hesabu ya darasani, gari lenye uzito wake na dereva ndani likishuka mita 300 za wima linaachia nishati inayokaribia uwezo wote wa betri hiyo, na kompyuta ya gari hairuhusu betri ijae pomoni wala iishe kabisa. Maana yake ni kwamba katikati ya mteremko betri inafika kikomo, umeme wa breki hauna pa kwenda, na injini inaanza kuzungushwa kwa nguvu ili kushika mwendo. Dereva mgeni anasikia mngurumo anadhani gari limeharibika. Halijaharibika, na kuweka gia kwenye B mapema ndiyo busara, ili breki za kawaida zisiungue. Hata hivyo nishati iliyopaswa kukusukuma ukifika Ruaha Mbuyuni imepotea hewani. Mkenya anayeshuka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu anakutana na jambo hilo hilo.

Toyota walilijua tatizo hili. Katika baadhi ya haibridi zao za miaka ya karibuni, mfumo wa njia unaiambia kompyuta ya betri kwamba mbele kuna mteremko mrefu, na gari linatumia umeme mapema ili betri ifike kileleni ikiwa na nafasi. Pia hukumbuka mahali unapozoea kupunguza mwendo, na kukuashiria uachie mafuta mapema. Hapo ramani imekuwa sehemu ya uchumi wa mafuta. Huku kwetu, bila ramani inayosomeka na gari, mteremko wa Kitonga unalishtukiza kila siku. Tumelipia akili ambayo haijui iko wapi.

Na ramani zetu zipo. Hili ndilo linalonifanya nisikubali kauli kwamba Afrika haina taarifa za barabara. Katika mradi wa Ramani Huria ulioanza Dar es Salaam 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi, wakatembea kwa miguu mtaa kwa mtaa, wakachora njia, mifereji na nyumba, hasa kwenye kata zinazokumbwa na mafuriko. Kazi yao imewekwa wazi kwenye OpenStreetMap, na yeyote anaweza kuitumia bila malipo. Nairobi walitangulia na Map Kibera mwaka 2009. Mwaka 2022, kabla ya sensa, serikali ya Tanzania iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi, na mitaa ambayo haikuwahi kuwa na jina ikapata nguzo na nyumba zikapata namba. Nchi imejichora. Kilichokosekana ni mlango wa kuingiza michoro hiyo kwenye skrini zilizofungwa na watengenezaji wake.

Mlango huo ungehitaji pia kubaki wazi, kwa sababu ramani ya kadi inazeeka haraka mno kwetu. Barabara za juu za Kijazi pale Ubungo zilifunguliwa 2021. Daraja la Tanzanite likafuata 2022, mwaka ambao Nairobi nayo ilipata barabara yake ya juu ya kulipia. Juni 2025 magari yalianza kuvuka Kigongo hadi Busisi juu ya daraja la kilometa tatu, mahali ambapo kwa miaka mingi watu walisubiri kivuko. Gari ambalo ramani yake ilichapwa 2019 lingekupeleka foleni ya kivuko.

Kwa hiyo ukinunua, angalia mwaka. Septemba 2019 Toyota walipotoa Corolla mpya Japani, waliiwekea skrini iliyoundwa kuunganishwa na simu, na ramani ya kiwandani ikawa nyongeza. Aqua ya kizazi cha pili, ya Julai 2021, ilikuja na skrini ya aina hiyo, pamoja na betri mpya ya nikeli yenye nguvu zaidi. Kwa Mkenya ambaye sheria inamfungia magari yenye zaidi ya miaka minane, magari haya yatazidi kuwa ya kawaida. Kwa Mtanzania anayetozwa zaidi kwa gari la miaka mingi, tofauti ya bei si kubwa kama inavyoonekana kwenye tangazo. Kama uwezo unaruhusu, ongeza uchukue la miaka hiyo. Kama hauruhusu, chukua la zamani lenye betri nzima, nunua kishikio imara cha simu, kiweke chini ya kioo pasipochomwa na jua, na weka safari kabla hujaondoa gari. Kuchezea simu kwenye makutano ya Mwenge kunaua.

Kwa mamlaka za viwango, TBS ya Tanzania na KEBS ya Kenya, ombi langu ni moja: cheti cha ukaguzi wa haibridi iliyotumika kieleze hali ya betri kubwa kwa tarakimu, kipande kwa kipande, na mnunuzi aione kabla ya kulipa. Kwa watengenezaji wa Japani, ambao magari yao ndiyo yanayojaza barabara zetu, tunaomba namba za kufungua skrini zitolewe kwa mwenye gari bila malipo na lugha iweze kubadilishwa. Skrini mpya nazo zikubali ramani huria za nchi gari linakokwenda kuishi. Magari haya yanafanya kazi Afrika kwa miaka mingi baada ya kutoka Japani. Wateja wa pili nao ni wateja.

Na wewe unayekwenda yadini wiki hii, nenda na fundi mwenye kifaa cha kusoma betri. Mwambie dalali azime skrini kwanza. Muulize namba ya chasi, fungua tundu la feni ulimulike kwa tochi, endesha gari kwa nusu saa kiyoyozi kikiwa kimewashwa, uone betri inavyopanda na kushuka. Bei inayotajwa kwa ajili ya ramani ya Japani iondolewe yote. Usilipe hata shilingi moja kwa ajili yake.